Mkwe Kwenye Keria

Magige alikuwa hodari wa baiskeli, na laiti angekuwa hodari wa kunyamaza vilevile, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Mungu hampi mtu mmoja vyote. Alimpa Magige miguu isiyochoka, akampa na ulimi, akasahau kuutilia breki.

Ulikuwa mwaka wa Azimio. Nchi nzima ilikuwa inatembea. Watu walitoka vijijini kwao na mabango na matawi, wakaenda kwa miguu hadi mijini kuunga mkono Ujamaa na Kujitegemea, na waliofika na malengelenge ndio waliopigiwa makofi zaidi. Watu wa Bunda walipoona hivyo wakasema kutembea ni kazi ya asiye na baiskeli. Wao walikuwa wakulima wa pamba. Mavuno yaliyopita yalikuwa mazuri, na karibu kila mwanachama wa ushirika alikuwa na baiskeli imeegemezwa ukutani. Wakaamua kwenda Musoma kwa msafara wa baiskeli, usiku kucha, ili mapambazuko yawakute wanapita katikati ya mji. Na Musoma, kwa mtu wa Bunda wa siku zile, ulikuwa mji hasa. Wengine kati yao walikuwa hawajawahi kuona taa ya umeme.

Akina mama wa UWT, umoja wa wanawake, wakasema hawabaki nyumbani kulinda moto. Ikakubaliwa kila mwanamume abebe mwanamke mmoja kwenye keria. Hapo ndipo Stanislausi, katibu wa ushirika na mkuu wa msafara, alipoanza kuumwa kichwa. Kwa watu wa upande ule, mkwe ni mkwe. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini ili mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambizana, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa katika vijiji vilivyooana tangu enzi za mababu, ukikusanya watu kidogo tu, nusu yao ni wakwe. Stanislausi alikaa jioni nzima akipanga nani ambebe nani, kama yule wa kitendawili anayevusha chui, mbuzi na majani. Alipomaliza akaonya kwamba atakayebadilisha nafasi atarudi Bunda kwa miguu.

Wankyo, mama mkwe wa Magige, alikuwamo msafarani. Stanislausi akamkabidhi kwa Leonardi, mtu mkimya ambaye mnyororo wa baiskeli yake ulisema mengi kuliko yeye. Magige akapewa mgeni, Pelagia wa Bukima, ambaye alikuwa akiwasaidia wakunga kwenye zahanati moja ya misheni. Alikuja Bunda kumwuguza dada yake, na sasa alitaka kurudi kwao. Msafarani hakuwa ndugu wa mtu wala mkwe wa mtu.

Mpango ulikuwa safi kabisa, isipokuwa Stanislausi alisahau mambo mawili. Ushirika ulikuwa umewanunulia akina mama wote khanga za kijani za aina moja, na usiku kijani ni nyeusi. Tena kila mwanamume alifunga kwenye keria gunia la pamba lililokunjwa, ili abiria asiumizwe na vyuma, na magunia yote yalitoka ghala moja. Ukipapasa moja, umeyapapasa yote.

Waliondoka Bunda giza likiwa limeshaingia. Mbele alikwenda Stanislausi na filimbi yake na taa ya dainamo, na wengine wakafuata ile taa na vumbi lake. Mwezi haukuwapo. Mtu aliona mgongo wa aliye mbele yake, basi. Walipopita karibu na nyumba mbwa walibweka, na akina mama wakajibu kwa nyimbo za chama hadi koo zikawakauka.

Pelagia alikuwa msemaji, na Magige alifurahi kupata wa kuzungumza naye. Walizungumza juu ya pamba, juu ya bei ya nyavu huko Bukima, juu ya mapadri. Kisha Pelagia akauliza swali ambalo kila mtu humwuliza mwenzake: ana watoto wangapi. Magige akatoa jibu lake la siku zote, kwamba Mungu hajajalia bado, mke ndiye mwenye matatizo.

“Mwanaume umepimwa?” Pelagia akauliza. “Maana kule zahanati siku hizi tunawaambiaga na baba aje. Mnasumbuaga mwanamke bure, kumbe shida iko kwa baba.”

Magige alikanyaga pedali kwa nguvu mpaka akamkaribia sana aliye mbele, na Pelagia akadhani mlima umemkata pumzi. Njia ilikuwa tambarare.

Ni lazima tueleze hapa lililokuwa linamsumbua, maana ndilo lenyewe. Mke wa Magige aliitwa Nyangi, na walikuwa wameoana kabla ya Uhuru. Hawakupata mtoto. Kwa miaka hiyo yote ukoo wa Magige ulimwita Nyangi tasa, kwanza nyuma ya nyumba, kisha barazani, kisha mbele yake. Mwaka huu ndugu zake Magige, wakiongozwa na kaka yake mkubwa Clementi, waliamua yaishe: pamba ikishavunwa, Nyangi arudishwe kwao na ng'ombe wa mahari wadaiwe. Magige hakukubali, ila hakukataa pia. Alikaa pale kikaoni akichora chini kwa kijiti, wakaandika kwamba amekubali. Naye alijua neno moja ambalo Clementi hakulijua, wala Nyangi, wala mtu yeyote wa Bunda.

Walisimama kwenye njia panda ya kwenda Butiama. Wenzao wa Butiama walikuwa wanawangoja hapo ili waungane nao, na kundi la baiskeli likawa kubwa ghafla. Watu wakashuka, wakanyoosha migongo, wakanywa maji. Akina mama wakaingia vichakani, wakatoka, wakaanza kutafutana na kuitana kwa sauti za chini. Stanislausi alikuwa amechelewa na alikuwa na hasira. Akapiga filimbi kabla hata vibuyu havijafungwa, akasema hakuna kusimama tena mpaka mjini.

Basi kila mwanamke akakimbilia baiskeli aliyoikumbuka. Wankyo alikumbuka kwamba Leonardi aliegemea jiwe kubwa. Akalipapasa jiwe, akapapasa gunia, akakaa, akamshika kiuno mwanamume aliyekuwa mbele yake, na msafara ukaondoka. Lakini Leonardi alikuwa amesogea kuwapisha watu wa Butiama, na aliyekuwa sasa kwenye lile jiwe ni Magige. Pelagia naye, kwa kuhangaika, akadandia keria ya kwanza iliyokuwa tupu, na hiyo ikawa ya Leonardi. Leonardi alitambua kwamba huyu siye mama aliyekabidhiwa, ila hakuona sababu ya kuanza kusema usiku ule.

Wankyo aligundua kosa lake Magige alipokohoa. Mama hushindwaje kuijua sauti ya mwanamume aliyemwoa binti yake? Mikono yake ikatoka kiunoni, ikashika springi za kiti. Angeweza kupiga kelele, lakini afanye hivyo ili iweje? Tochi zingewashwa, msafara ungesimama, na watu wa wilaya mbili wangeona mama mkwe amepakiwa na mkwewe. Jambo ambalo halijaonekana halijawa jambo. Akajikunja kwenye khanga yake, akaamua kukaa kimya mpaka atakapopata nafasi ya kushuka gizani. Ila Stanislausi alikuwa ameshasema hakuna kusimama.

Magige aliona abiria wake ameacha kumshika na ameacha kusema. Alidhani amemkosea kwa kutomjibu. Tena swali lile lilikuwa bado limemkaa kifuani. Giza lilikuwa nene, alikuwa amempa kisogo mgeni ambaye kesho angeondoka zake Bukima, na mambo ya miaka yakaanza kumpanda kooni. Mtu hatubu kwa padri anayemjua. Hutafuta padri wa parokia ya mbali.

“Dada Pelagia,” akasema, “lile swali lako limenichoma. Mimi nilipimwaga.”

Akaeleza. Mwaka ule wa kwanza wa Jamhuri, ushirika ulimtuma Mwanza kwa shughuli za pamba, naye akapitia hospitali moja kwa siri, akapimwa. Daktari akamwuliza kama ujanani aliugua matubwitubwi. Akasema ndiyo, aliugua vibaya, alivimba mashavu na kule chini akavimba pia. Daktari akamwambia basi ni hayo, mbegu yake haina uhai, wala hakuna dawa. Magige akarudi Bunda akiwa ameshayapanga maneno atakayomwambia Nyangi. Alipofika uani Nyangi akamlaki kwa furaha: mama yake amepata habari za mganga huko kisiwani Rukuba, wanataka kwenda.

“Na mimi nikasema, haya, nendeni.”

Wakaenda. Walivuka kwa mtumbwi, Nyangi akachanjwa chale tumboni, akarudi na mizizi michungu ya kuchemsha. Haikufaa kitu. Mama yake akampeleka kwa mwingine, ng'ambo ya Kisorya, huko Ukerewe. Akampeleka na kwa mwingine tena. Kila mara wakirudi Nyangi alikuwa mwembamba zaidi, na kila mara Magige aliyapanga yale maneno upya, na kila mara aliyameza. Leo atasema, kesho atasema. Siku zilivyopita, aibu ya kusema ikazidi aibu ya kunyamaza.

“Halafu huyo mama yake,” akaendelea, na hapa sauti yake ilishuka. “Nikimwonaga anakuja na kikapu cha dawa, naingia majanini. Watu wananisifu, ooh, Magige anaheshimu mkwe. Siyo heshima, dada. Naogopaga kumwona vile amechoka.”

Alisikia nyuma yake mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kama anayejizuia kulia. Akafikiri, huyu dada ana huruma.

“Pamba ikiisha tunamrudisha kwao,” akamalizia. “Ndugu zangu watadai ng'ombe. Na mimi nitanyamaza, najijua. Nimekuambia wewe kwa sababu huna wa kumwambia.”

Baada ya hapo hakusema tena. Na tuseme ukweli kama ulivyo: mwanamume yule alijisikia vizuri. Alijisikia mwepesi, pedali zikawa hazina uzito, akaanza hata kupiga mbinja. Alikuwa ameutua mzigo wake, na wala hakugeuka kutazama ameutua juu ya nani.

Walipokaribia Nyasho, taa ya kwanza ya umeme ikaonekana juu ya nguzo yake. Msafara ukapiga kelele za furaha. Baiskeli zikabanana, waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili waingie mjini wakiwa wamejipanga wawili wawili, na Leonardi akatokea ubavuni mwa Magige. Kwenye keria ya Leonardi alikuwa amekaa Pelagia wa Bukima.

“Kaka Magige, kumbe uko huku?” Pelagia alisema akicheka. “Mie njia nzima naongea na mgongo wa huyu bwana nikidhani ni wewe umenuna. Haya, wewe umembeba nani?”

Magige hakugeuka. Shingo yake ilikataa. Leonardi akatupa jicho nyuma ya Magige, na kwa mara ya kwanza tangu Bunda akafungua kinywa.

“Ni mama mkwe wake,” akasema.

Kuna watu huomba ardhi ipasuke iwameze. Magige hakuomba. Aliona hata ardhi ingemkataa. Nyuma yake walikuja wengi, mbele yake walijaa wengi, na mtu akisimama katikati ya msafara wa baiskeli huangusha kumi. Hakuwa na njia ila kukanyaga. Akaingia mji wa Musoma hivyo, mama mkwe wake nyuma, katika mwanga wa taa ambazo maisha yake yote alitamani kupita chini yake.

Mji ulikuwa umeamka kuwapokea. Watu walijipanga pande zote za barabara ya Mukendo, wenye maduka walisimama barazani na shuka mabegani, wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akapaza sauti, mbebe mama, kijana, mbebe! Waliomzunguka wakacheka kwa wema. Magige aliona kivuli chake kikipita chini, na kwenye kivuli hicho kichwa cha pili kilichofunikwa khanga, kimeinama. Kila walipopita nguzo kivuli kilitangulia, kikarudi nyuma, kikatangulia tena. Aliyakumbuka maneno yake moja baada ya jingine tangu njia panda ya Butiama. Alikumbuka na ile mbinja. Kumgusa mkwe ilikuwa aibu, naam, lakini aliitamani aibu hiyo iwe yake yote, iwe ndiyo peke yake. Aliona haya kwa namna ambayo hata pumzi yake mwenyewe aliiona ina kelele.

Waliposhuka uwanjani karibu na ziwa palikuwa pameshapambazuka. Watu wa Bunda wakaona nani amebebwa na nani, na kicheko kikaanza hapo hapo. Stanislausi alishika kichwa. Wengine wakamwambia Magige atafute mbuzi, mbuzi dume mnono, maana kosa la namna hiyo huoshwa kwa mbuzi na tena halina ubaya. Lilikuwa kosa la giza. Walimcheka kama mtu anavyochekwa akivaa shati upande wa ndani.

Kisha hotuba zikaanza. Msemaji mmoja alisema mnyonyaji ni mtu anayekula jasho la mwenzake huku akimwita mwenzake mvivu. Watu wakapiga makofi. Magige naye akapiga, kwa kuwa waliomzunguka walikuwa wanapiga.

Alipokwenda majini kunawa vumbi, aliiacha baiskeli imeegemea mwamba. Alipoinua kichwa aliona Wankyo amesimama kando ya baiskeli, amempa mgongo. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kupitisha neno. Mama yule akaishika baiskeli kwenye usukani, akaiambia baiskeli.

“Wewe baiskeli, mwambie mwenye wewe. La kukaa pale nyuma lina mbuzi wake, litaisha. Lile lingine mimi siwezi kulisema popote. Mama mkwe hatajagi uchi wa mkwe wake, hata mtoto wake akifa. Mdomo wangu umefungwa. Mwambie wake haujafungwa na mtu.”

Akaondoka. Alirudi Bunda kwenye lori la ushirika, pamoja na akina mama waliochoka.

Magige alirudi kwa baiskeli, keria tupu. Njia nzima aliyapanga maneno, na kwa kweli safari hii aliyapanga vizuri. Lakini lori hufika kabla ya baiskeli. Alipoingia uani Nyangi alikuwa ameshazisikia habari za giza na magunia, naye alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa muda mrefu Magige hajamwona akicheka hivyo. Nyangi alimletea maji ya moto ya kukanda miguu, akamwambia asijali, mbuzi wapo, mama yake si mtu wa kinyongo. Magige akatia miguu kwenye maji, akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena.

Siku ya mbuzi ilifanyika nyumbani kwa akina Nyangi. Desturi yao ni nyepesi. Wale wawili waliokoseana hukaa wamepeana migongo, kila mmoja husema yaliyotokea, mbuzi huchinjwa, huchomwa, kisha wote hula. Anayekataa nyama anasema kwamba neno halijaisha. Mwenye kusimamia alikuwa Keraryo, baba mdogo wa Nyangi, mzee mwenye njaa ya kudumu ambaye hakupenda desturi zirefuke. Upande wa Magige alikuja Clementi na ndugu wawili. Walikuja kwa ajili ya mbuzi, na pia kuangalia zizi la wenyeji, ng'ombe wamenenepa kiasi gani.

Keraryo akamwuliza Magige lililotokea. Magige akasema alimbeba mama mkwe wake kwenye baiskeli kutoka njia panda ya Butiama mpaka Musoma, gizani, bila kujua.

“Na maneno?” Keraryo akauliza. “Kulikuwa na maneno?”

Nyangi alikuwa anapita na beseni la kunawia. Magige alimtazama. Akageuza shingo kidogo, akatazama na mgongo wa mama mkwe wake, khanga ile ile ya kijani, umenyooka, hautikisiki.

“Ya safari tu,” akasema.

Keraryo akamwuliza Wankyo kama anakubali. Wankyo akasema hana la kusema. Keraryo akaridhika, mbuzi akachinjwa, moshi ukapanda, na baada ya muda nyama ikaletwa kwenye sinia. Kila mtu akachukua. Wankyo akapewa kipande chake, akakishika, kisha akakiweka chini kwenye jani la mgomba, mbele yake.

Keraryo akasimamisha taya, nyama ikiwa kinywani. Akamwuliza shemeji yake kama mafuta yamezidi. Wankyo akasema nyama ni nzuri. Basi ale. Hakula. Akaulizwa kuna nini. Akasema hana la kusema.

Clementi akajipangusa vidole polepole. Alisema yeye hashangai. Nyumba hii ndivyo ilivyo, ina kinyongo. Akina Magige wamemleta mbuzi mzima, kijana ameomba radhi mbele ya watu, na mama anamtupia nyama. Akasema moyo wa namna hiyo ndio unaofunga matumbo ya mabinti, na labda dawa zote zile alizokuwa akizibeba mama huyu kwenye kikapu ndizo zilizokuwa zinayafunga. Wankyo alikaa vile vile, mikono magotini, machozi yanamtoka na hayafuti.

Nyangi akaweka beseni chini. Akaenda, akapiga magoti mbele ya mama yake.

“Mama, kula,” akasema. “Nakuomba. Mimi nimeshakuaibisha inatosha. Sina mtoto, nimekutembeza kwa waganga mpaka miguu imekuvimba, na sasa unagombana na watu kwa ajili yangu. Yeye amekukosea nini? Kama kuna ubaya ni wangu. Kula, unisamehe mimi.”

Na akaanza kumwomba msamaha Clementi pia, akiwa bado amepiga magoti.

Magige alisimama. Hakukumbuka baadaye alisimama saa ngapi, wala yale maneno aliyoyapanga kwa miaka hayakuja hata moja. Yalikuja mengine, mabovu, yamekatikakatika. Alisema, Nyangi, inuka. Alisema si yeye. Alisema mimi ndiye sizai, nilipimwa Mwanza, nilijua, nilimwambia mama yako usiku ule nikidhani ni mtu mwingine, naye hawezi kusema kwa sababu ni mkwe. Alisema na kuhusu matubwitubwi, mbele ya wanawake, mbele ya ndugu zake, na kila neno lilipotoka alihisi amevuliwa nguo nyingine. Clementi alimshika mkono amkalishe. Akajinasua.

“Hana kosa,” akasema. “Hajawahi kuwa na kosa.”

Clementi aliinamia nyama yake kama mtu anayetafuta kitu ndani. Wankyo akainua kile kipande kutoka kwenye jani, akakila, polepole, chote, akilia. Keraryo akashusha pumzi. Desturi ilikuwa imetimia, na mzee yule akasema kwa sauti kwamba neno limeisha.

Nyangi alikuwa bado amepiga magoti, ila sasa alikuwa amemgeukia mumewe.

“Ulijua tangu lini?”

“Mwaka wa kwanza wa Jamhuri.”

Alifikiri. Kila mtu pale aliona akifikiri, akienda nyuma mwaka kwa mwaka, na hakuna aliyemharakisha. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe na anakuta vitu vyote vimehamishwa.

“Zile dawa nilikuwaga nashindwa,” akasema hatimaye. “Zilikuwa chungu, natapika. Wewe ndiye ulikuwa unanishikia kikombe. Ulikuwaga unaniambia, maliza, mama, bado kidogo, maliza.”

Magige akaitazama mikono yake.

Keraryo akamsukumia Nyangi sinia, kwa wema, akamwambia naye ale. Nyangi aliinuka. Akaitazama nyama, akaiacha, akalivuta beseni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama aliyemaliza, ingawa hakuwa amekula.